Siku Nyar Sondu Alipozimika Njia ya kwa Wakwe

Mnataka niwaambie tena? Haya, nitawaambia, maana hata nikinyamaza mke wangu atawaambia, na yeye akisimulia anaongeza chumvi mpaka mtu anatamani maji. Aibu ni yangu, wacha niibebe mwenyewe. Ukisikia watu wa Seme wanacheka habari ya kijana fulani aliyechutama nyuma ya gari kwenye boma la wakwe, ameshika kifuniko cha tangi mkononi, anacheka peke yake kama aliyerogwa huku wazee wa watu wamesimama mlangoni wanamtazama, basi usiulize jina. Ni mimi huyu mnayemwona.

Miaka hiyo Uhuru ulikuwa bado mpya mpya, na mimi nilikuwa nauza katika duka la vipuri vya magari pale mjini Kisumu. Nilijua jina la kila kipande cha gari, hata vile vidude vidogo ambavyo mafundi wenyewe huviita tu "ile kitu". Fundi akija anaeleza kwa mikono, mimi namtajia jina lake kamili, yeye anatikisa kichwa, na mimi navimba. Kujua jina la kitu na kujua kazi ya kitu ni mambo mawili, lakini nani angeniambia wakati huo? Nilikuwa na suruali pana chini, nilikuwa na kalamu mfukoni, na nilikuwa na gari.

Gari yenyewe ilikuwa nzee. Niliinunua kwa mwalimu mmoja wa Sondu aliyestaafu, na watu wa Kaloleni nilikokuwa nikikaa wakaipa jina siku hiyo hiyo: Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu, kama vile kwetu mwanamke aliyeolewa anavyoitwa kwa kule alikotoka. Kwa sababu nilikuwa sina mke bado, ikawa kila asubuhi jirani ananiuliza juu ya ua, "Nyar Sondu ameamkaje?" Nami najibu ameamka vizuri, hata kama ameamka anakohoa.

Lakini mke niliyemtaka mimi alikuwa Awuor. Alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu, mimi naimba besi (besi yangu ilikuwa ya kufungua mdomo tu), na tulikuwa tumeshaelewana sisi wawili. Ilikuwa imebaki kwao kukubali. Kwao ni Seme, mbele ya Kombewa kuteremkia ziwani, na kwa desturi mimi sikuwa nimekanyaga kule hata siku moja. Maneno yote yalipitia kwa jagam, yaani mshenga, mzee mmoja anaitwa Ogola, mtu mwembamba mwenye kofia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekosa neno la kusema. Siku ya kwenda ilipofika karibu, Mzee Ogola aliniita akaniweka chini.

"Kijana, sikiliza. Ukiingia pale, mdomo ni mimi. Wewe kazi yako ni kukaa na kunyamaza. Watamwita msichana, watamuuliza mbele ya watu wote kama anawajua wageni hawa, na akisema ndiyo, mambo yameisha. Lakini wewe ukiinuka ukatoka nje kabla hajajibu na kabla hujala chakula, watahesabu umemkataa, na pale hakuna tena kurudi. Hata siafu wakikuingia kwenye suruali, unakaa."

Nikamwambia, "Mzee, kukaa tu ndiyo kitu kitanishinda?"

Basi tungepanda basi kama watu wengine, tukashuka, tukatembea, tukafika. Lakini mwenye gari apande basi? Nikasema nitawapeleka mwenyewe, mimi, Mzee Ogola, baba mdogo wangu Oduor ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo katika safari hiyo (na mkubwa wa mwili pia, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa kwenye benchi wengine wanainuka), na shangazi yangu Penina, ambaye sisi wote tulimwita Waya, ndilo shangazi kwa Kijaluo. Na huyo Waya ndiye aliyeanzisha mkasa, ingawa yeye mpaka anaingia kaburini alikataa.

Jana yake alikuja kuikagua gari, akainusa, akakunja pua. "Mimi siendi kwa watu nikinuka kama kibatari." Kweli, kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea, na petroli ilikuwa ikiruka kidogo kwenye kona na kuacha harufu. Kitu kidogo. Nikachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakata kipande cha duara, nikakipachika ndani ya kifuniko kikaziba kote, halafu juu yake nikakaza kwa ile mipira mirefu ya kufungia mzigo, nikazungusha nikazungusha mpaka pakawa pamefungwa kama mtoto mgongoni. Waya akanusa tena. "Sasa hiyo ni gari," akasema, na mimi nikalala usingizi wa mtu mwerevu.

Asubuhi tuliondoka vizuri sana. Pale Otonglo nilipiga honi bila sababu, wauza mboga wakainua vichwa, nikawapungia mkono. Hatujaenda mbali kutoka pale, Nyar Sondu akaanza kwikwi. Nakanyaga mafuta, anashtuka, anakohoa, anashika tena, anaachia, halafu kimya. Tukasimama kando ya barabara tukisikiliza upepo.

"Ni nini?" akauliza Baba Oduor.

"Plagi," nikasema, upesi kabisa, kama daktari. Nikavua koti, nikafungua boneti, nikazitoa plagi moja moja nikazipangusa kwa kitambaa changu kipya cheupe (hicho kitambaa kilikuwa cha siku ile maalumu, lakini basi). Halafu nikaenda nyuma kupima mafuta, kwa sababu mshale wa petroli ulikufa kabla sijainunua ile gari, na mimi nilikuwa napima kwa ufito. Nikafungua ile mipira yote, nikazungusha kifuniko, ikasikika fssss! Baba Oduor akatoa kichwa dirishani.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Petroli nzuri hiyo, Baba. Ina nguvu kama soda."

Nikatumbukiza ufito, mafuta yapo tele, nikafunga tena nikakaza, nikawasha. Ikawaka mara moja! "Si niliwaambia ni plagi?" Mzee Ogola akasema kumbe tuna fundi katika ukoo, na mimi nikaendesha kwa mkono mmoja.

Tulipopita Kisian ikaanza tena. Kwi, kwi, kwi, kimya. Mara hii nikasema ni kabureta, ina uchafu. Nikaifungua, nikavuta kwa mdomo, nikapata petroli mdomo mzima, nikatema, macho yakatoka machozi. Waya akasema, "Sasa unanuka kuliko gari." Nikaenda nyuma na ufito wangu, fssss, mafuta yapo, nikafunga, nikawasha, ikawaka. Nikawaelezea njia nzima habari ya kabureta, majina yote, mpaka Baba Oduor akasinzia.

Ya tatu nikasema ni koili imepata joto. Nikalowesha kile kitambaa, nikakiweka juu yake ipoe, nikawasha, haikuwaka. Nikangoja, nikawasha, haikuwaka. Waya akashuka, akasimama mbele ya boneti. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Wewe umejaribu, sasa wacha Mungu naye ajaribu." Akaomba. Yawa, aliomba yule mama! Alianza na marehemu babu, akapitia wagonjwa wa Dunga mmoja mmoja, na mimi nikaona hatutafika, nikanyemelea nyuma macho wazi, nikapima mafuta kimyakimya, fssss, nikarudi kwenye usukani. Alipofika "Amina" nikawasha, ikawaka. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyeweza kukaa na Waya kwa majivuno.

Ya nne ilitushika kwenye barabara ya vumbi baada ya Kombewa, na huko ndiko akili yangu ilikoisha kabisa. Baba Oduor alishuka akaenda kichakani kujisaidia. Mimi nikapima mafuta, fssss, nikawasha, ikawaka! Na Baba hayumo! Nikamtazama anarudi huku anafunga vifungo, nikatazama springi za nyuma, mambo yote yakanijia wazi.

"Baba," nikamwambia kwa heshima, "nafikiri ni uzito."

"Uzito wa nini?"

Waya akasema badala yangu, "Wako, Oduor. Umeishinda gari."

Basi hivyo ndivyo mkubwa wa ukoo wetu, ndani ya suti ya sufu na tai, alivyopakiwa nyuma ya baiskeli ya kijana mmoja aliyekuwa anapita, akaondoka anayumba, ameshika kofia yake, hakugeuka kututazama. Akafika kwa wakwe kabla yetu, peke yake, mgeni wa heshima aliyeletwa kama gunia la mihogo.

Sisi tuliendelea wepesi, na tukazimika mbele ya lango. Karibu kabisa, nyumba inaonekana, moshi wa jikoni unaonekana, na kimlima kidogo mbele. Na mimi sikushuka kupima chochote, kwa sababu ningepima nini tena? Wakatokea kina mama watano sita wanatoka ziwani na ndoo. Wakatua ndoo. Mmoja wao, mwenye kitambaa chekundu kichwani na mabega ya kazi, akasema, "Kijana, wewe kaa ndani ushike usukani. Sisi tunasukuma."

Nikakaa! Ningeshuka, ningesukuma na mimi, lakini nikakaa na suti yangu, nimetoa kiwiko dirishani, na kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi na mimi moyo umechoka, nikaanza kuwahimiza. "Haya mama, haya! Wewe wa kitambaa chekundu, sukuma basi! Kwani watu wa Seme siku hizi hamli ugali?" Wakacheka. Yule wa kitambaa chekundu hakucheka sana. Akaegemeza bega, gari ikaruka, ikakohoa mara mbili, ikaingia langoni ikitapatapa, ikatawanya kuku, ikafia katikati ya uwanja.

Mzee Ogola alikuwa amekunja uso kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Unajua yule ni nani?" akaninong'oneza.

"Nani?"

"Yule wa kitambaa. Ndiye mama yake Awuor."

Nyinyi mnajua kwetu. Mama mkwe hata macho humtazami vizuri. Mkono humpi. Akipita huku, wewe unapita kule. Mimi nimemwambia hali ugali. Sikushuka mpaka Waya aliponivuta mkono.

Ndani tulikaribishwa kwa heshima, hiyo siwezi kusema uongo. Wazee wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine, Baba Oduor ameshafika zamani, amekaa, vumbi mpaka kwenye nyusi, na baba yake Awuor alipomuuliza kama sisi ndio watu wake, alijibu, "Wanafanana na watu wangu." Mimi nikakaa, nikanyamaza, nikatazama vidole vyangu vilivyojaa grisi. Mzee Ogola akaanza kusema, na yule mtu alijua kusema, aliyazungusha maneno mpaka uso wa Baba Awuor ukalegea. Nikaanza kupumua. Halafu akaitwa Awuor.

Aliingia na birika la chai na mkebe wa maziwa, ule wa dukani, kwa sababu wageni wa namna hii hawapewi chai ya kawaida. Alikuwa amevaa gauni la manjano. Hakunitazama, lakini nilijua anajua niko wapi. Akaweka mkebe mezani, akachukua msumari, akautoboa juu, akauinamisha kwenye kikombe. Tone moja. Akatikisa. Hakuna.

Na wakati huo huo baba yake akakohoa, watu wote wakanyamaza, hata kule jikoni sufuria zikanyamaza, akasema, "Awuor. Wageni hawa wametoka mbali. Wewe unawajua? Tuendelee nao?"

Mimi nilipaswa kutazama uso wake. Mtu yeyote mwenye akili angekuwa anatazama uso wake. Mimi nilikuwa natazama mkebe. Kwa sababu yeye, huku baba yake anauliza, mikono yake iliendelea na kazi, akatoboa tundu la pili upande wa pili, mkebe ukavuta hewa, na maziwa yakatiririka yenyewe, laini, bila kukohoa.

Jamani, niliruka! Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kiti kikianguka nyuma yangu na Waya akisema "Yesu!" na mimi tayari niko nje, nakimbia na suti, nakata ile mipira kwa meno, nafungua kifuniko, fssss. Hiyo soda yangu! Kumbe si petroli inatoka nguvu, ni tangi lilikuwa linanyonya pumzi! Nikang'oa kile kipande cha tyubu, na chini yake, kwenye chuma cha kifuniko, nikaona katundu kadogo ka kupitishia hewa, kama tundu la sindano, ambako mimi mwenyewe nilikaziba kwa mikono yangu. Plagi hazikuwa na kosa, kabureta haikuwa na kosa, Baba Oduor masikini hakuwa na kosa. Kila nilipopima mafuta nilikuwa nampa Nyar Sondu hewa bila kujua, na sifa nakipa kitambaa. Nikawasha, akaunguruma vizuri, nikacheka peke yangu, nikapiga kelele, "Ni hewa! Alikuwa ananyimwa hewa!"

Halafu nikageuka.

Mlango wote umejaa watu. Baba Awuor mbele. Mzee Ogola kando yake, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hauna neno. Na nyuma, katikati ya mabega ya wazee, kile kigauni cha manjano. Ndipo nikakumbuka nilichoambiwa kuhusu siafu. Nilikuwa nimempoteza Awuor kwa sababu ya kifuniko.

"Bwana Ogola," akasema Baba Awuor polepole, "mtu wako anatoka kwangu anakimbia?"

Ogola akavua kofia. Nikaona niseme mwenyewe, desturi nimeshaivunja yote, nivunje na hiyo. Nikarudi ndani, naomba msamaha kila hatua, nikashika ule mkebe, nikaziba tundu moja kwa kidole, nikauinamisha: maziwa yakakataa. Nikaachia: yakamwagika. "Mzee, gari yangu ilikuwa hivi. Njia nzima." Baba Awuor alinitazama. Akachukua mkebe mikononi mwangu, akaziba kwa dole gumba lake, akaachia. Akaziba, akaachia. "Mh," akasema. Mzee aliyekaa kando yake akasema na yeye ajaribu. Basi ule mkebe ukazunguka nyumba nzima, kila mzee anaziba, kila mzee anaachia, kitambaa cha meza kikaloa, na Baba Oduor ulipomfikia aliuziba muda mrefu akinitazama mimi tu.

Ndipo sauti ya mama ikatoka jikoni. Hakuniambia mimi, alipitisha kwa jagam kama ilivyo heshima. "Bwana Ogola, mwulize mgeni wako. Gari imepona?"

"Imepona, Mama," nikajibu mwenyewe.

"Sawa. Wakati inakuja nilisukuma mimi. Wakati inaenda atasukuma yeye."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tulikula (samaki wazima, na ugali mwingi sana uliwekwa mbele yangu, nikaelewa), tukaaga, Baba Oduor akakaa mbele akashika usukani, Waya na Ogola nyuma, na mimi nikaisukuma gari nzima iliyopona, kutoka uwanjani mpaka langoni, mpaka kile kimlima, huku kina mama wa ndoo wanatembea kando yangu wanaimba jina la Nyar Sondu, na mmoja hakuacha kuuliza, "Kwani mkwe hukula ugali?"

Kule barabarani nikaegemea gari, jasho linanitiririka, nikamwuliza Mzee Ogola kwa sauti ndogo kama sasa tunaomba siku nyingine au ndiyo basi.

Akanishangaa. "Siku nyingine ya nini? Si alishajibu?"

"Nani?"

"Msichana! Ulipoangusha kile kiti, kabla hujavuka mlango, alisema ndiyo. Kwa sauti. Unafikiri baba yake angekuacha uchezee maziwa yake bure?"

Niliuliza alisema vipi. Waya akasema alisema vizuri sana, alisimama wima, akamtazama baba yake, na sauti ile ya kwaya. Hata Baba Oduor, aliyekuwa haongei na mimi, alisema ilikuwa "ndiyo" nzuri. Nyumba nzima iliisikia isipokuwa mimi mwenyewe.

Nyar Sondu nilimuuza zamani, na vifuniko vya matangi siguzi tena, hata fundi akiniomba nimshikie. Lakini ile "ndiyo" yake nimemwomba Awuor airudie miaka yote hii, siku za sikukuu, siku watoto walipozaliwa, hata juzi. Ananiambia, "Nilisema. Kawaulize waliokuwepo." Baba Oduor hayupo tena, Waya hayupo, Mzee Ogola tulimzika, mashahidi wanapungua, na mimi bado sijaisikia. Kwa hiyo siku hizi Awuor akianza kusema neno, hata kama gari ya jirani inakohoa pale nje, siinuki kitini mpaka amalize.